Bikira Mwenye Ndonya

Ini la Baba lilikuwa limekwisha, na kabla hajafa alitaka kitu kimoja tu: kumwona mama yake kanisani. Bibi alikwishafariki zamani, lakini Baba, mchongaji wa Kimakonde tangu ujana, alimchonga Bikira Maria wa mpingo kwa sura ya bibi yangu, pamoja na chale za usoni na ndonya, kile kipande cha mti walichovaa wanawake wetu wa zamani kwenye mdomo wa juu. Sanamu hiyo ilikuwa zawadi yake kwa kigango chetu cha Likombe.

Wazee wa kigango walikuja kuitazama kibandani kwake. Mwenyekiti wao, mtu wa kuja aliyeletwa huku na kazi ya bandari, alirudi nyuma. "Mzee wangu, kazi ni nzuri, lakini hii ni mila. Watu watasema tumeingiza shetani kanisani."

"Mama alibatizwa na ndonya yake," Baba akasema. "Padre hakumwambia aitoe."

Mimi nafundisha fasihi sekondari, na mdomo wangu hauna breki. Nikamwuliza mwenyekiti, yule Maria wa kwenye kalenda yake, mweupe pe, macho ya bluu, ni wa Nazareti ipi? Akasema, "Mwalimu, ya darasani yaache darasani. Imani haina mjadala." Lo! Kana kwamba Mungu ametupatia akili halafu akajuta.

Wakaamua: ndonya na chale zitoke, la sivyo sanamu haiingii. Nilimsihi Baba akatae. Akasema muda wa kugombana hana. Akachukua tindo, akakata ndonya, akauchonga mdomo upya mpaka ukawa mwembamba, kisha akayapiga mashavu msasa mpaka yakang'aa. Alifanya kazi hiyo akilia, wala hakujificha.

Siku ya kuibariki, vigelegele vilijaa kanisa zima. Mwenyekiti alimshika Baba mkono, akampeleka mbele kabisa. "Hongera, Mzee. Sasa amependeza."

Baba akaitazama sanamu kwa muda mrefu, kisha akanigeukia.

"Mwanangu, nipeleke nyumbani. Huyu simjui."

Tulimzika kabla ya Kwaresma. Misa ilisomwa kanisani palepale, jeneza likiwa chini ya miguu ya yule mwanamke. Mpaka leo nikiingia humo nasali nimefumba macho, kwa hasira.