Gauni la Turubai

Usiku wa kuamkia maonyesho yangu, Zuhura alinijia. Tulipendana Tanga, yeye na mimi, wanawake wawili katika chumba kimoja cha kupanga, mpaka majirani walipovunja mlango tukakimbia na nguo tulizovaa. Tulivuka mpaka, tukaishia kambini. Yeye alibaki kule, mchangani. Mimi nililetwa huku kwenye baridi, nikawa msanii.

Ndotoni nilikuwa peke yangu ukumbini. Gauni nililolishona kwa turubai la hema letu lilining'inia katikati, limemulikwa taa. Nikageuka, nikamwona Zuhura amesimama chini yake, anapapasa pindo. Enzi za uhai wake alikuwa fundi cherehani.

"Kwapani umeshona vibaya," akasema.

Nilitaka kucheka, lakini ukumbi ulikuwa umeshajaa watu wenye glasi mikononi. Wanalitazama gauni, wanafuta machozi. Zuhura anawaangalia mmoja mmoja.

"Wanalia vizuri watu wa hapa," anasema. "Wale wa foleni hawakulia."

Na sasa tuko kwenye foleni ya zahanati kule kambini. Jua linachoma, homa imempanda, nimemshika kiunoni asianguke. Nyuma yetu mtu anasema, "Hao ndio wale." Mkono unamsukuma nje ya mstari. Tunarudi mwisho. Mkono unamsukuma tena. Nafungua mdomo nipige kelele, sauti haitoki, na mchanga ninaoukanyaga umekuwa sakafu nyekundu ya nyumba ya mama yake, Tanga. Mama anachambua mchele. Jirani anampa pole kwa ajali ya gari iliyomuua binti yake. Ndivyo kaka zake Zuhura walivyotangaza mtaani.

Zuhura anakaa karibu na mama yake, bega kwa bega. Mama hamwoni.

"Mwambie," akasema, bila kunitazama. "Asinililie kwa gari ambalo sikulipanda."

Niliamka shuka limelowa jasho. Kwetu Tanga kulikuwa kumeshakucha. Nikampigia simu mama yake Zuhura.

"Shikamoo, mama. Ni Mwanaidi."

Hakuitikia, wala hakukata. Nikamweleza yote: mlango uliovunjwa, kambi, foleni, na alfajiri ile pumzi ya mwanawe ilipokatikia mikononi mwangu.

"Alioshwa na nani?" akauliza.

"Na mimi, mama."

"Peke yako?"

"Wengine walikataa kumgusa."

"Mungu akulipe," akasema. "Na usinipigie tena."