Mbwa Aliyepakwa Salfa

Mbwa wetu alipoanza kunenepa huku chakula chake ni kilekile, ugali na vichwa vya dagaa, ndipo nilipojua kwamba Newala kila mtu ni daktari wa mbwa. Hakuna aliyepita uani kwetu asitoe hukumu.

Kazi yake ilikuwa kufukuza nguruwe pori shambani. Msimu ule walifukua muhogo wetu hatua chache kutoka alipolala, naye akainua sikio moja tu. Mkia ulibaki mtupu, mbavu za pande zote mbili zikanyonyoka manyoya.

"Upele huo," alisema jirani yetu, mtu mwenye mikorosho mingi kuliko akili. Akaleta salfa, ule unga wa njano tunaoupulizia mikorosho inapopata ukungu wa ubwiriunga, akauchanganya na oili chafu, tukampaka mbwa mpaka masikio. Mimi ndiye niliyemshika, nikijiona fundi. Mbwa hakuwahi kujikuna hata mara moja, lakini debe tupu haliachi kuvuma, na siku ile tulikuwa madebe mawili.

Baba akachoka. Mbwa mvivu halishwi, alisema. Jumamosi angemmaliza kwa rungu.

Mama alikuwa anameza kidonge chake, kile anachomeza kila asubuhi kabla ya chai tangu hospitali ilipogundua kwamba tezi ya shingoni mwake imelegea. Kabla ya hapo, kwa miaka, alisinzia mchana, akanenepa bila kula, akajifunika kanga mbili juani, na baba akawa anamwita gogo mbele ya wageni. Alimtazama mbwa akitetemeka kwenye jua kali, akasema, "Huyu ana ugonjwa wangu."

Baba alicheka. Nami niliyeshika mbwa apakwe oili nikamcheka mama. Nyani haoni kundule.

Kabla ya Jumamosi mama alimpandisha mbwa kwenye pikapu iliyokuwa ikishuka Masasi, kwa daktari wa mifugo, mnyama akachukuliwa damu. Majibu yalipotoka, daktari alitueleza kwamba ubongo hutuma homoni ya kuiamrisha tezi, nayo tezi hutoa homoni yake ya kuuchangamsha mwili. Kwa mbwa wetu amri zilikuwa nyingi na tezi haitoi kitu, ndiyo maana mwili ulipoa. Akampa vidonge kwa dozi ya mbwa, vya maisha yake yote.

Baada ya miezi kadhaa mkia ukaota manyoya, na nguruwe wakahamia kwa jirani. Jirani mpaka leo anasema ni salfa yake iliyomponya.

Jioni moja baba alimpapasa mbwa kichwani. "Maskini, kumbe ulikuwa unaumwa, na sisi tunakuonea."

Mama alikuwa anamenya muhogo. "Mimi hujaniambia hivyo, Baba watoto," alisema bila kuinua macho.

Baba akaendelea kumpapasa mbwa.