Tiketi ya nusu bei kwenda Marseille, niliyoiua kwa mikono yangu

Wakuu, amani kwenu. Naona humu vijana wanaulizana namna ya kupata ndege za bei rahisi kwenda Ulaya, nikaona nilete ya kwangu. Sitapaka rangi. Hata aibu yangu nitaiacha humo humo.

Kwanza mnijue. Mimi ni mtu wa Gisenyi, pale ziwani, ukivuka barrière ya mpaka uko Goma. Shule niliishia darasa la nne. Lakini ghorofa ninayokaa nimejenga mwenyewe, na wenye digrii wanakuja dukani kwangu kuomba kazi. Sikubebwa na mtu.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa kijana, nauza vitenge na viatu, naamka Gisenyi nashinda Goma.

Dada yangu mdogo Zuhura alikuwa Marseille, mji wa bandari kusini mwa Ufaransa. Akapata mchumba. Baba alishafariki, na mtoto wa kiume ni mimi peke yangu. Sisi Waislamu, binti haozwi bila walii. Donc walii ni mimi. Nikaha ikapangwa Jumamosi, baada ya adhuhuri.

Nikamwambia kwenye simu, "Usiozwe na mtu mwingine. Nakuja mwenyewe, na suti yangu."

Viza nilihangaikia nikapata. Ila Kigali waliponitajia bei ya tiketi nilicheka. Kwa pesa ile nafungua duka lingine.

Ndipo nikaelekezwa Goma kwa jamaa anaitwa Papa Deo. Ofisi yake meza moja, kiti kimoja, ukutani kalenda ya mwaka uliopita. Akanipangia njia: basi mpaka Kampala, ndege kutoka Entebbe mpaka Cairo, nisubiri uwanjani, kisha Cairo mpaka Marseille.

Bei? Nusu ya Kigali!

Nikaanza kuogopa hapo hapo.

Nikamwambia apunguze. Akapunguza bila kubishana. Wakuu, mimi nimekulia mpakani. Muuzaji asiyebishana ana kitu anaficha.

"Papa Deo, hii tiketi si ya mtu aliyekufa?"

Alicheka mpaka akashika tumbo. "Grand, we unaogopa nini? Jina iko yako, passeport iko yako. Unataka nikubebe ku mugongo mpaka Marseille?"

Nikalipa, lakini sikumwamini.

Tiketi za zamani zilikuwa kijitabu. Ndani kuna karatasi nyembamba, kila ndege na karatasi yake, nyuma nyekundu kama kaboni. Mimi zangu zilikuwa nne, mbili za kwenda na mbili za kurudi. Nikaziangalia kwenye jua. Nikampelekea mwalimu mmoja jirani yetu pale mtaani kwetu Nengo, anajua Kifaransa. Akasema iko sawa. Akataka kunisomea maandishi madogo ya nyuma, nikamwambia inatosha. Nilishamshuku na yeye, labda wanajuana.

Sasa sikieni kosa lenyewe.

Sisi wa mpakani hatuvuki na kitu chote mfuko mmoja. Noti hizi kwenye soksi, zile kwenye kitenge cha mama fulani, karatasi ya mzigo kwa dereva. Wakikukamata, wanapata kipande tu. Hivyo ndivyo nilivyojijenga.

Bon. Nikachana karatasi zote nne. Moja nikaweka kwenye soksi. Moja fundi akaishona ndani ya koti. Mbili za kurudi zikaingia kwenye mkanda. Jalada lililobaki na ule ukurasa wa mwisho wenye jina langu nikamwachia mke wangu Mariamu, kama ushahidi. Papa Deo akinitapeli, apeleke polisi.

Mariamu akauliza, "Na huko wakikitaka hicho kitabu?"

"We umepanda ndege lini?"

Na mimi nilikuwa sijapanda.

Entebbe, kwenye kaunta, nikavua kiatu mbele za watu nikatoa karatasi. Yule dada wa kaunta akaishika kwa vidole viwili.

"Ssebo, kitabu yake iko wapi?"

"Kitabu cha nini? Karatasi hii, jina hili."

"Ikitoka kwa kitabu, imekufa. Imeandikwa hapa nyuma."

Nikajua wote lao moja na Papa Deo! Nikapiga kelele mpaka bosi wao akaja. Akanigeuzia kompyuta. Jina langu liko. Kiti changu kiko. Tiketi halali kabisa. Kilichokosekana ni jalada, na jalada liko Nengo, basi la siku nzima na zaidi.

Ilikuwa Alhamisi. Ndege nyingine Jumatatu.

Nikapiga simu Marseille. Zuhura akalia. "Kaka, watu wameshaalikwa." Imamu wao akasema walii anaweza kuweka wakili. Sasa nimuweke nani? Sijui mtu kule. Zuhura akamtaja jirani yake, mzee wa Kingazija anayeuza samaki bandarini.

Mimi niliyemshuku mwalimu wa mtaani kwangu, nimkabidhi dada yangu mtu nisiyemjua sura?

Mzee akaitwa kwenye simu, nikamhoji. Ana watoto wangapi, anasali msikiti gani, anapata nini kwetu.

"Mwanangu," akanikatiza, "sema naam au la. Samaki wangu wako juani."

Nikasema naam.

Jumamosi, kwenye kibanda cha simu Kampala, nikarudia mbele ya mashahidi wanaonisikia kutoka kule: nimekuwakilisha umwozeshe dada yangu. Nikasikia bwana harusi anakubali, vigelegele, halafu laini ikakatika.

Niliporudi Goma, Papa Deo nilimwomba radhi. Hakukasirika hata kidogo, nikamshuku upya.

Funzo langu: mshuku mtu kabla hujalipa. Ukishalipa, msikilize anayejua kusoma, hata kama wewe ndiye mwenye pesa.

Picha ya harusi iko sebuleni kwangu. Mahali pa walii amekaa mzee mwenye kofia, kashika simu ya waya, kaielekeza kwa imamu. Wageni wakiniuliza huyo ni nani, nawaambia aliyeshika simu ni wakili wangu. Mimi ni huyo ndani ya simu.

Haya, nani mwingine humu safari ilimfia mkononi? Tiririkeni. Kunicheka ruksa.