Miguu Juu

Simu ya video ya mwanawe ilipoita, Mama Mkasi alipiga kelele, "Miguu juu!" Wanawake wanne wakainua miguu kutoka kwenye pedali, na vyerehani vikanyamaza jii. Yeye akajitupa kwenye kochi, akavuta shuka hadi kifuani, akapokea kwa sauti ya mtu aliyeamshwa usingizini.

Ndiyo ilikuwa desturi yao. Mwanawe, dereva wa lori ughaibuni, alituma pesa kila mwezi kwa sharti moja: mama ale, alale, asiguse cherehani tena. Mama aliitikia, "Sawa, baba," kisha akanunua cherehani kipya. Halafu kingine. Kulala nako ni kazi? Sasa sebule ilikuwa kiwanda cha sare za shule, na majirani wanne walikuwa na mshahara.

"Umepumzika, mama?"

"Mpaka mbavu zinauma."

Kijana akakodoa macho. "Na hiyo futi ya kupimia shingoni?"

Mama akajipapasa shingo. Lo! Nyuma yake fundi mmoja akaangua kicheko, na wenzake wakadakia.

"Mama, hebu geuza simu."

Akageuza. Kijana akaona vyerehani, marobota ya vitambaa, na wanawake wanne miguu ingali hewani. Akacheka hadi akafuta machozi. "Kumbe pesa yangu ndiyo hii!"

"Ndiyo hiyo," mama akasema, akitupa shuka kando. "Na mwezi ujao usitume kitu. Nitatuma mimi, nauli yako ya kurudi nyumbani. Haya nyie, miguu chini!"