Chokaa ya Nyumba Namba Thelathini na Moja

Nilisikia kengele kabla sijaona chochote. Ilikuwa asubuhi yangu ya kwanza kazini, ukungu umeumeza mji wetu wote kuanzia kituo cha reli mpaka kiwanda cha mbao, nami nimesimama mbele ya ofisi ya halmashauri na tai ya kuazima shingoni. Kengele ikalia mara tatu, kwa hasira kidogo, kama ya mtu aliyesahauliwa chumvi mezani. Baadaye nikajua kwamba ndivyo ilivyokuwa. Ilikuwa kengele ya kumwitia mpishi. Mwenyekiti wetu aliitoa shambani kwake, kwenye pareto, baada ya kwenda Nakuru na kuona wenzake wana meya mwenye mkufu kifuani. Sisi hatukuwa na meya wala mkufu. Tukawa na kengele.

Ilikuwa miaka ya hamsini, katikati ya Hali ya Hatari ya vita vya Mau Mau, na Mwafrika hakuvuka reli bila karatasi mfukoni. Lakini ndani ya chumba kile cha mkutano, chenye mahali pa kuotea moto na zulia lililoliwa na nondo, ungedhani hatari kubwa inayoikabili nchi ni mbwa wasio na leseni. Mbwa walijadiliwa kila mwezi. Baada yao ulijadiliwa mtaro wa buchari, kisha ng'ombe wa fulani aliyeingia tena kwenye uwanja wa gofu.

Nilikuwa na kazi mbili. Ya kwanza, kupiga taipu karatasi zote za halmashauri. Ya pili, kutafsiri kila Mwafrika alipoitwa kusimama mbele ya meza. Hii ya pili haikunichosha, maana Waafrika walijadiliwa sana na kuitwa kidogo. Wajumbe walikuwa wakulima wa Kizungu, isipokuwa mmoja, Mhindi mwenye duka la vitambaa, ambaye kazi yake ilikuwa kuunga mkono. Aliunga mkono kila hoja, hata hoja mbili zilizopingana, kwa sauti ileile ya upole. Nilimdharau kwa hilo, mpaka siku moja nikafikiri kwamba mimi ndiye niliyezipiga taipu zote mbili.

Ng'ambo ya reli ilikuwa lokesheni, mtaa wa Waafrika: nyumba za chumba kimoja, dirisha moja, na namba mlangoni kwa rangi nyeusi. Nyumba ilitolewa kwa ajili ya kazi, na kazi ilikuwa ya mwanamume. Katika namba thelathini na moja aliishi mama mmoja ambaye mume wake alisafisha mitaro ya mji miaka mingi, hadi kichomi kilipomchukua katika mvua za Aprili. Mwezi uliofuata nikapiga taipu notisi yake, nakala tatu. Ilisema nyumba irudishwe kabla ya mwezi kwisha, ikiwa tupu, imesuguliwa na kupakwa chokaa, na mkazi wake arudi kwao.

Kwao. Mama yule alizaliwa katika shamba la Mzungu huko juu upande wa Elburgon, na wazazi wake walizikwa hukohuko, nyuma ya ua wa misonobari, baada ya kulima viazi vya mwenye shamba maisha yao yote. Rizavu, eneo lililotengewa kabila lake, iliyoandikwa kwenye pasi yake aliijua kama mimi nilivyoijua Ulaya. Hakuwa na shamba huko, wala ndugu, wala mtu wa kumwonyesha njia.

Lakini alitii. Aliuza meza na kitanda. Sufuria na nguo akazifunga mabunda mawili, akayaweka kwa jirani. Alisugua sakafu kwa mchanga mpaka saruji ikang'aa, akapaka kuta chokaa mara mbili. Usiku alilala juu ya mkeka, na alfajiri aliukunja akautoa nje.

Wiki hiyohiyo ikashuka lokesheni kamati ya wake wa wajumbe, ikiongozwa na mke wa Mwenyekiti. Halmashauri ilikuwa imetangaza kwamba itamtambua mpangaji bora wa mwaka, na mabibi hao walikuja kumtafuta. Nilifuata nyuma na daftari. Tulipita nyumba kwa nyumba. Waliona watoto sita juu ya kitanda kimoja, na kuku chini ya kitanda hichohicho. Waliona baiskeli inayoning'inia darini. Waliandika, wakatikisa vichwa. Kisha tukafika namba thelathini na moja.

Mke wa Mwenyekiti alisimama mlangoni kwa muda mrefu. Mbele yake palikuwa na kuta nne nyeupe, sakafu inayong'aa, na hewa.

"Hatimaye," alisema kwa Kiingereza, karibu kwa kunong'ona, "mtu anayejua kuishi."

Mama alinigeukia. "Anasemaje, mwanangu?"

"Anasema unajua kuishi."

"Mwambie ninachojua ni kuhama."

Nikamwambia bibi yule kwamba mama anashukuru sana. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mbili na nilipenda mshahara wangu.

Baada ya siku chache nikapiga taipu karatasi mbili asubuhi moja. Ya kwanza ilikuwa cheti: halmashauri inamtambua fulani, jina lake kamili, kuwa mpangaji bora. Ya pili ilikuwa orodha ya nyumba za kutwaliwa: namba kumi na mbili, namba thelathini na moja, namba hamsini. Cheti hakikuwa na namba. Orodha haikuwa na majina. Ndivyo halmashauri ilivyotujua: wakati wa kusifiwa mtu alikuwa jina, na wakati wa kufukuzwa alikuwa namba, na haikupata kutokea wawili hao wakakutanishwa.

Nikazipeleka zote mbili kwa katibu wa mji, Mzungu kijana aliyekuwa na mafua kuanzia Januari hadi Desemba.

"Bwana, huyu na huyu ni mtu mmoja."

Akazitazama, akapenga kamasi. "Hapana. Hii ni ya Kamati ya Ustawi. Hii ni ya Kamati ya Nyumba." Akanirudishia. "Hapa kwenye cheti wino umefifia. Rudia."

Nikarudia. Jioni nikaenda kumpa mama habari. Nilimkuta nje, ameketi juu ya debe lililopinduliwa, na jirani yake akimenya viazi kando.

"Mbona hukai ndani, mama?"

"Ndani nitachafua. Nyumba ni ya watu."

"Umeshinda. Watakupa cheti Jumatano, mbele ya halmashauri. Na birika la chai."

"Birika nitaliweka wapi?"

"Kichwani, dada," jirani akasema bila kuinua macho kwenye viazi vyake. "Njia ya rizavu ina baridi. Utakuwa unakunywa ukitembea."

Wakacheka wote wawili, kicheko kikaisha haraka. Mama akaokota kijiti, akawa anachorachora mavumbini.

"Hicho cheti, nani anatia sahihi?"

"Mwenyekiti mwenyewe."

"Kwa kalamu ya wino?"

"Kwa wino. Na muhuri juu yake."

"Kinasema naishi wapi?"

"Hakisemi."

Nilitazama chini. Hakujua kusoma, lakini alijua namba ya mlango wake, na ndiyo aliyokuwa ameichora. Akaifuta kwa wayo wa mguu. "Basi Jumatano nitakuja," akasema.

Jumatano ilikuwa na baridi ya kuvunja meno. Mlangoni alisimama tarishi wetu, mzee aliyewahi kuwa askari huko Burma, naye aliishi lokesheni na kujua kila kitu. "Karani," aliniambia nikipita, "nimefanya kazi na Wazungu wengi, lakini hawa ni wa kwanza kumpa mtu zawadi kwa kufukuzwa vizuri."

Mbwa walikuwa jambo la pili katika ajenda. Mama alikuwa la nne. Aliingia na kitambaa cha kichwani cheupe kama kuta zake. Mwenyekiti alipiga kengele ili kuwanyamazisha watu waliokuwa kimya, akasimama, akakataa msaada wangu. Alijivunia Kiswahili chake cha shambani.

"Mama, wewe iko mfano. Nyumba yako iko safi kabisa. Mimi nataka watu yote ya lokesheni naishi kama wewe."

Nikainamisha kichwa. Matakwa yake yalikuwa njiani kutimizwa. Nyumba nyingine mbili zilikuwa kwenye orodha.

Mama akapokea birika, akaliweka chini. Akapokea cheti kwa mikono miwili, akakitazama mbele, akakigeuza akakitazama nyuma. Kisha akanisemesha mimi, upesiupesi, kwa Kiswahili ambacho Mwenyekiti hakuweza kukikamata.

"Mwambie nashukuru. Mwambie katika lokesheni tuko wanawake watatu wa jina hili. Nikifika na karatasi, wenzangu watasema ni yao. Anisaidie aandike namba ya nyumba."

Nilikuwa nimepiga taipu majina ya lokesheni nzima. Hapakuwa na mwingine mwenye jina lile. Safari hii nikatafsiri neno kwa neno.

Mwenyekiti akaniangalia. "Kweli wako watatu?"

Mlangoni tarishi akakohoa.

"Wanne, bwana," nikasema. "Na mmoja ni mgomvi sana."

Wajumbe wakacheka. Mwenyekiti akafungua kalamu yake. "Namba ngapi, mama?"

"Thelathini na moja," akajibu mwenyewe, polepole, kama anayemfundisha mtoto.

Akaandika, akatia sahihi kando. Katibu akagonga muhuri bila kusoma, kama anayeua mbu. Mama akapewa kiti ukutani karibu na mke wa Mwenyekiti, na kikombe cha chai, na kwa kuwa hakuna aliyefikiria kumwambia aondoke, akabaki. Alikaa saa nzima akisikiliza lugha asiyoijua. Akasikiliza ng'ombe na gofu, mtaro, na ombi la benchi kwenye kituo cha reli, ametulia kama abiria anayejua treni itakuja tu.

Jambo la kumi na moja, katibu akasoma kwa pua iliyoziba: "Nyumba za kutwaliwa. Namba kumi na mbili. Namba thelathini na moja. Namba hamsini."

Mwenye duka akaunga mkono. Mwenyekiti akainua kengele kupitisha, na kengele ikabaki hewani. Kwenye kidole alichoishikia palikuwa na wino wa buluu, bado mbichi.

"Thelathini na moja," alisema. Akamtazama katibu. Katibu akanitazama mimi. Mimi nikatazama penseli yangu. Pale ukutani mama hakuelewa maneno, lakini alielewa kimya. Akakikunjua cheti mapajani pake, upande wenye maandishi juu.

"Hii maana yake nini?" Mwenyekiti akauliza.

"Ni ya Kamati ya Nyumba, bwana," katibu akajibu.

"Mwenyekiti wa Kamati ya Nyumba ni mimi."

"Mpenzi," mke wake akasema kwa sauti tamu sana, "unamfukuza mpangaji wangu?"

Mjumbe mmoja, mkulima wa ngano, akakumbusha kwamba sheria iko wazi: mume hayupo, kazi haipo, basi na nyumba haipo. Hakuna aliyembishia. Lakini hakuna pia aliyetaka kumtazama mke wa Mwenyekiti. Kukifuta cheti kungekuwa kukiri kwamba mabibi walikisifu chumba kwa sababu hakikuwa na mtu. Kuifuta notisi kungekuwa kuwafungulia mlango wajane wote wa mji. Halmashauri yetu haikuwa na ushujaa wa moja wala wa jingine.

Ndipo mwenye duka akasema taratibu, "Bwana Mwenyekiti, naunga mkono kuahirisha."

Hakuna aliyekuwa ametoa hoja hiyo. Kengele ikalia hata hivyo.

Namba thelathini na moja ikaahirishwa. Mwezi uliofuata nikaipiga taipu tena: imeahirishwa. Na mwezi uliofuata huo. Niliipiga mpaka kidole changu kikajua njia chenyewe. Hakuna aliyempa mama yule ile nyumba, na hakuna aliyemnyima. Aliishi ndani ya neno hilo moja miaka yote niliyofanya kazi pale, kitanda kikarudi, kuku wakaja, na moshi ukaigeuza chokaa ikawa rangi ya chai. Kamati ya mabibi haikupita tena kwake, nadhani kwa hiari.

Lakini siku ile, kengele ilipokwisha kulia, aliinuka tu akanijia mezani, na birika mkononi.

"Wamesemaje?"

"Wameahirisha, mama."

"Ndiyo kusema nini?"

"Kusema si leo."

Akalifikiri neno hilo. "Marehemu naye, ukimwomba kitu, jibu lilikuwa hilo. Nimelizoea." Akakunja cheti mara mbili, akakitia ndani ya birika, akalifunika. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini zaidi, "Katika orodha nilikuwa peke yangu?"

"Hapana. Kuna namba kumi na mbili na namba hamsini."

"Nao si leo?"

Nyuma yangu katibu alikuwa ameshaanza kusoma jambo la kumi na mbili.

"Wao wamepitishwa kuhama, mama. Hawakuwa na cheti."

"Wa kumi na mbili ana watoto wanne," akasema. Hakuwa akinilaumu. Ingekuwa rahisi zaidi kama angenilaumu. Alitazama meza ndefu, wajumbe, moto unaowaka vizuri, akamwinamia kidogo mke wa Mwenyekiti kama adabu inavyotaka, akashika birika kwa mikono yote miwili. Tarishi akampisha. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya reli, na alipotoka ulimpokea mpaka kiunoni. Mzee akaufunga mlango nyuma yake, polepole, ili baridi isiwaingilie wajumbe.