Uji Ambao Baba Hakunywa

Tarehe 12 Aprili 2024, Ijumaa jioni, baba yangu alifariki nyumbani kwetu, kijiji kilicho ndani kidogo ukitoka Bariadi mjini. Kesho yake shangazi yangu, dada yake wa tumbo moja, alikosa kumwona uso kwa mara ya mwisho. Baba aliuawa na kifua. Hilo la shangazi nililisababisha mimi.

Shangazi, au sengi kama tunavyosema kwa Kisukuma, ndiye aliyekuwa mkubwa wao. Anaishi upande wa Nassa, lakini si pale kwenye lami, ni ndani, mahali ambapo ukisimama nyuma ya nyumba unaliona ziwa. Simu hana. Hata angekuwa nayo, mtu mzima kama yule hapigiwi simu kuambiwa kwamba mdogo wake amekufa. Anafuatwa. Jioni ile baba mdogo aliniita pembeni, watu wakiwa bado wanafunga turubai.

"Utaenda kumchukua sengi yako kwa baiskeli. Tunazika kesho saa kumi, na bila yeye kuona hatufuniki."

"Sawa, baba."

"Usimwambie amekufa. Mwambie mgonjwa amezidiwa, anamwita. Akifika atajua mwenyewe."

Sikuona ubaya. Ndivyo inavyofanywa. Mimi mwenyewe bibi alipofariki niliitwa kutoka kibaruani Malampaka kwa maneno hayo hayo, na nilipoona turubai nikaelewa.

Niliondoka alfajiri. Kuna barabara ya changarawe inayokatisha katikati, kati ya kwetu na ziwa, na mwezi Machi mvua ilikuwa imelibeba daraja lake. Tangu hapo hakuna gari lililopita. Majani yalikuwa yameanza kuota katikati, na alama zilizobaki zilikuwa za ng'ombe, za miguu ya watu na za baiskeli. Nilikuwa nimezoea kupita njia ile nikiwa na mzigo wa mkaa, nikikimbilia pembeni kila lori likija na vumbi lake. Siku ile ilikuwa tupu. Mawe madogo yalilia chini ya tairi, na kando malambo yalikuwa yamejaa mpaka ukingoni, na korongo wamesimama ndani ya maji. Ukitokea kwetu, kabla ya kuyafikia malambo unapita kwenye ngitili, ile misitu ambayo watu wa kwetu huifunga ili majani na miti vipumzike. Njia inapita katikati ya migunga, kuna baridi na harufu ya udongo uliolowa.

Nitasema kweli. Baba yangu alikuwa amelazwa chumbani amefunikwa shuka, na mimi nilifurahia kuendesha baiskeli. Kwenye mteremko mmoja niliachia pedeli, nikaacha upepo unipige usoni, na kwa muda nikasahau nilikokuwa naenda. Sijamwambia mtu jambo hilo.

Nilifika saa tatu. Shangazi alikuwa anaanua michembe, viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, kutoka juu ya jiwe kwa sababu mawingu yalikuwa yanakusanyika. Ni mwanamke mrefu, mkavu, mwenye sauti kubwa.

"Mwangaluka, sengi."

"Mwangaluka. Umekuja bila taarifa kama mkusanya kodi. Nani anaumwa?"

"Baba. Amezidiwa. Anakuita."

Aliniangalia kidogo. Kisha akaanza kufunga vitu: michembe kwenye kitambaa, chupa ya samli, kanga ya kubadilisha. Nilimwambia kama angeweza tungeenda mpaka kwenye lami, tupande gari la Lamadi, halafu lingine la Bariadi, tungewahi zaidi.

"Gari linanitapisha, unajua. Nifike kwa mgonjwa nikiwa mgonjwa, nani atamwuguza mwenzake? Nitakaa kwenye keria."

Najua, na nilijua hata wakati ule, kwamba kama ungekuwa msiba angepanda gari, hata kama angetapika njia nzima. Alipanda hivyo alipofiwa na mtoto wake. Nilifunga mto wa sponji kwenye keria, akapanda, tukaondoka saa nne.

Alikuwa mwepesi kuliko gunia la mkaa, lakini gunia halisemi.

"Mbona unatafuta mashimo? Umelipwa kuyahesabu?"

"Ni barabara, sengi."

"Barabara yote hii hakuna hata gari moja, na wewe unapita kwenye shimo. Baba yako alikuwa anaendesha huku analala."

"Ndiyo maana ana kovu kwenye goti."

Alicheka mpaka baiskeli ikayumba. Pale daraja lilipokuwa, maji yalikuwa yamepungua hadi magotini. Nilivusha baiskeli kwanza begani, kisha nikarudi kumbeba yeye mgongoni. Katikati ya maji akaniambia nikimwangusha atamwambia baba anichape, hata kama nina watoto watatu.

Kwenye lambo la pili aliomba tupumzike. Tulikaa kwenye tuta, akanipa michembe. Ndipo akaniuliza, bila kuniangalia:

"Ulimwacha amekula chochote?"

Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kusema hapana, na ingekuwa kweli.

"Amekunywa uji," nikasema.

"Mwingi?"

"Nusu kikombe. Asubuhi, kabla sijatoka."

Uso wake ulifunguka. Sijui namna nyingine ya kulisema. Tangu tutoke kwake alikuwa anatania, lakini uso ulikuwa umebana, na pale ukaachia.

"Kama anakunywa uji, basi hafi leo wala kesho," akasema. "Basi hatuna haraka. Kuna dawa ya kifua humu mbele kwenye ngitili. Ndiyo iliyomponya mwaka ule wa njaa. Tutachimba."

Hapo ndipo ningemwambia. Nimelifikiria sana jambo hili. Watu wakinifariji husema nilimwonea huruma, lakini si kweli. Niliogopa kubaki peke yangu porini na mama mzima anayelia, na nyumbani kuko mbali. Niliogopa kwa ajili yangu. Pia nilijidanganya kwamba kuchimba mizizi ni jambo la dakika chache.

Lakini ngitili ina mwenyewe. Shangazi hakukubali tuchimbe kama wezi. Tuliacha njia, tukasukuma baiskeli kwenye majani marefu mpaka kwa mwenye ngitili, mzee aliyekuwa akijuana na marehemu mume wake. Wakasalimiana kwa Kisukuma salamu yote, ng'ombe, watoto, mvua, waliokufa na waliozaliwa. Tukaletewa maziwa. Nilikunywa nimesimama.

"Huyu kijana ana nini?" mzee akauliza.

"Baba yake anaumwa," shangazi akamjibu. "Lakini leo amekunywa uji."

Mzee akasema ni jambo jema, akachukua jembe, akatuongoza mwenyewe. Mti wenyewe ulikuwa mbali, na mizizi ya kwanza shangazi aliikataa kwa sababu ilikuwa ya upande wa jua linapozama. Walihamia upande wa pili wa shina, wakaanza upya.

Niliwaacha nikapanda kwenye mwinuko, simu ikashika mtandao. Ilikuwa imepita saa nane. Baba mdogo alipokea mara moja.

"Mko wapi?"

"Kwenye ngitili."

"Bado huko? Kaburi linaingia maji. Tumeshayachota kwa ndoo mara mbili. Mvua nyingine ikinyesha, ukuta unaanguka, itabidi tufunike."

"Tusubirini, baba."

"Mwambie basi aharakishe."

"Nimwambieje?"

Nilisikia watu nyuma yake, na sauti ya koleo.

"Wewe ndiye uliye naye," akasema, akakata.

Niliteremka. Shangazi alikuwa amepiga magoti, mikono imejaa udongo.

"Wanasemaje?"

"Wanasema mvua inakuja, tuwahi."

"Mvua ni ya wote. Shika hapa, vuta."

Nikashika, nikavuta.

Tuliporudi barabarani niliendesha kwa nguvu zote. Alinipiga mgongoni mara mbili akisema nitamwua kabla hajamwona mdogo wake. Mvua ilitukuta tumebakiza vijiji viwili, changarawe ikawa tope, cheni ikatoka mara tatu. Hakulalamika tena. Alishika furushi la mizizi ndani ya kanga lisilowe.

Saa kumi na moja kasoro tuliingia kwetu. Wanaume walikuwa wanaosha majembe kwenye karai karibu na boma la ng'ombe. Nyuma ya nyumba, chini ya mvua nyembamba, lundo la udongo mwekundu lilikuwa limeshasawazishwa, na msalaba umewekwa. Wanawake walipomwona shangazi waliinua kilio.

Alishuka kwenye keria bila kusaidiwa. Hakulia. Alimpita baba mdogo aliyekuwa anakuja kumpokea, akaenda mpaka kwenye lundo, akalishika kwa kiganja. Kisha akanigeukia mbele ya watu wote.

"Ule uji alikunywa nani?"

Baba mdogo alianza kusema kwamba ni yeye aliyenituma, kwamba ndivyo ilivyo desturi. Shangazi alimwambia, "Wewe uliniita. Sikuulizi wewe." Akasubiri kidogo nijibu, halafu akaenda kukaa na wanawake. Ndipo alipolia, na alilia mpaka giza likaingia.

Alikaa siku zote za msiba. Alinisalimia kila asubuhi na nikipewa chakula aliangalia nipate cha kutosha. Siku ya kuondoka alipanda gari la Bariadi, akabadilisha Lamadi. Alitapika, nilisikia baadaye.

Mwezi Julai, pamba ilipokwisha kuvunwa, nilikwenda kumwona. Alinikaribisha vizuri, akanipa kigoda kivulini.

"Baba mdogo anakusalimia," nikasema. "Hajambo."

"Mpigie."

Nilidhani anataka kumsalimia. Nilipiga, nikampa simu. Alimwuliza amelala wapi, jana alikula nini, nani amepika. Aliposikia sauti yake ikijibu yote, akanirudishia.

"Na mama yako?"

"Hajambo, sengi. Nimemwacha shambani."

"Mpigie na yeye."

Nilipiga. Iliita mpaka ikakata. Nikapiga tena. Nilimwambia simu labda ameiacha nyumbani, kwamba hana kawaida ya kwenda nayo shambani. Hakubishana. Alikaa kwenye mkeka, mikono mapajani, akiiangalia simu iliyokuwa mkononi mwangu. Mkwe wake aliandaa chakula, yeye hakugusa, na mimi nikashindwa kula mbele yake.

Mama alipiga karibu saa tisa. Shangazi aliipokea yeye, wakaongea kama dakika mbili. Kisha akanipa simu, akasema amechoka, akaingia ndani kulala. Niliaga nikiwa mlangoni. Kisha nikachukua baiskeli nikaondoka.