Kipanya Kisichopatikana

Mikono ya mama wa masijala imezoea majalada mazito, kwa hiyo kipanya cha kompyuta hukishika kama kifaranga. Hukipuliza kwanza, akakichomeka, akakizungusha mezani, na mshale ukicheza kwenye skrini, naye hucheza mabega. Kwake kazi imekwisha. Lakini vipanya vya siku hizi vinakuja na programu za kiwandani zenye kiherehere: fungua akaunti, weka nywila, chagua rangi ya taa. "Taa ya nini, jamani? Naenda nacho harusini?" Hata hivyo huzikubalia zote, kwa sauti ya mtu anayejibu salamu za jirani mmbea.

Leo bosi alikuwa anasubiri ripoti. Programu ikazunguka, ikazunguka weee, kisha ikaandika: "Kipanya hakijapatikana." Mama akautazama mkono wake. Akatutazama sisi wenzake. Akasogeza mshale taratibu hadi kwenye neno "Sawa", akabofya kwa kipanya kile kile kisichopatikana. Kicheko chake kilimtoa bosi ofisini.

"Mama, ripoti iko wapi?"

"Usinisogelee, bosi," alisema huku akifuta machozi. "Nimeshika jini."